Land Rover ya zamani: mlango haufungi, gari linakwenda kiupande, kutu imekula chasisi. Uanzie wapi?

Maswali ninayoletewa kuhusu Land Rover za Series II, IIA na III hayazidi matano au sita, ila kila mwenye gari huamini la kwake ni la peke yake. Mlango wa dereva umeshuka. Boneti imekaa mshazari. Gari likiwa barabarani, aliye nyuma analiona linatembea kama kaa. Upande mmoja umelala. Na lile linaloogopwa kuliko yote: bisibisi imezama kwenye chasisi.

Magari haya yalitoka kiwandani kati ya 1958 na 1985, kwa hiyo hata lile changa kabisa limeshapita miaka 40. Mengi bado yanafanya kazi, na nayapenda kwa sababu karibu kila kitu ndani yake kinafunguka kwa spana. Uhuru huo ndio unaowaponza watu. Wanaona bolti, wanaifungua, wanasukuma bodi mpaka pengo lionekane zuri, kisha wanakaza. Wiki mbili baadaye pengo limerudi.

Bodi ya Land Rover haijishiki yenyewe. Ni mabati ya alumini yaliyofungwa kwa bolti juu ya chasisi ya chuma, na katikati yake kuna ukuta mmoja wa chuma unaobeba dashibodi, pedali na bawaba za milango ya mbele. Chasisi ikilegea mahali, bodi inafuata. Mlango unaogoma kufunga mara nyingi ni shahidi tu. Mkosaji yuko chini.

Somo hili nililipia kwa gari langu mwenyewe, Series III ya 109, yaani inchi 109 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, iliyokuwa ikibeba samaki na barafu kutoka Pangani kuja Tanga kabla sijainunua. Mlango wa kushoto ulikuwa unakwaruza chini. Fundi niliyempelekea aliusaga ukingo kwa grinda mpaka ukafunga, nikamshukuru na kumlipa. Baada ya miezi miwili ukaanza kukwaruza tena, sasa pakubwa zaidi. Nilipoinua zulia la mpira miguuni kwa abiria niliona saruji ya gereji kupitia sakafu, na mkono wa chasisi unaobeba mguu wa ukuta ulikuwa umebaki ganda la kutu na tope. Mlango ulikuwa umesema kweli tangu siku ya kwanza. Leo bado una ule ukingo uliosagwa, na pengo lake haliwezi tena kuwa sawa.

Pima kabla ya kushika spana

Egesha kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, udongo haufai. Tafuta futi ya mita 5, timazi, chaki, na mtu wa kushika upande wa pili.

Nyoosha usukani, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kulia na baadaye kushoto. Gari la inchi 88 linatakiwa likupe karibu milimita 2,235, na la inchi 109 karibu milimita 2,769. Zaidi ya namba hizo, angalia kama pande mbili zinalingana.

Halafu pima mishazari. Ning'iniza timazi kutoka katikati ya bolti ya mbele ya kamani ya mbele, uweke alama ya chaki sakafuni. Fanya hivyo upande wa pili, kisha kwenye bolti za mbele za kamani za nyuma. Sukuma gari liondoke. Sasa una alama nne, na unapima kona kwa kona kama fundi mwashi anavyopima msingi wa nyumba. Tofauti ya milimita 2 au 3 inaweza kuwa mkono wako tu, kwa hiyo rudia. Ukipima mara tatu na bado tofauti inapita milimita 6, chasisi imetoka kwenye mraba wake, na hakuna bati utakalopanga likakaa. Hapo kazi ni ya gereji yenye meza ya kunyooshea chasisi.

Mwisho ni msokoto. Funga bomba mbili zilizonyooka kwa kamba chini ya chasisi, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikigusa mihimili yote miwili mirefu ya chasisi. Rudi hatua tano nyuma ya gari, chuchumaa, uangalie bomba moja juu ya nyingine. Zikipishana upande mmoja, chasisi imejisokota. Andika vipimo vyote kwenye daftari. Utavihitaji baada ya kuchomelea.

Dalili: mlango umeshuka, unakwaruza au unagoma kufunga

Fungua mlango nusu, shika ukingo wake kwa mikono miwili, unyanyue. Mwenzako aweke macho kwenye bawaba, si kwenye mlango. Jaribio hili la nusu dakika linatenganisha sababu karibu zote.

Ikicheza bawaba peke yake, una bahati. Hii ndiyo sababu inayoongoza. Pini imelika au bolti zimelegea. Kaza kwanza. Kumbuka kwamba bolti za Series II na III ni za inchi. Spana ya milimita inayokaribia kutosha itazungusha kichwa cha bolti na kukuachia kazi ya kutoboa. Bolti ikizunguka bila kukaza, nati iliyofichwa ndani ya nguzo imeachia, na itabidi uifikie kwa nyuma. Pini ikiwa imelika, badilisha bawaba nzima. Kuipiga nyundo ili ibane kunasaidia mpaka mvua ya kwanza.

Bawaba ikitulia lakini mlango wenyewe ukapinda mkononi, fremu ya chuma iliyo ndani ya bati la alumini imeliwa. Kwa nje bati linaweza kuwa zima kabisa. Gonga kwa kifundo cha kidole chini ya mlango, sehemu ambapo maji hutuama. Ukisikia chembe za kutu zikimwagika ndani kama mchanga kwenye debe, umepata jibu. Fremu inaweza kuchongwa upya kwa chuma cha pembe, lakini upande mmoja ukishakwisha mara nyingi na wa pili uko njiani.

Jibu la tatu ndilo zito: nguzo nzima inacheza pamoja na bawaba. Inua zulia. Kagua mguu wa nguzo, pale ukuta wa dashibodi unapokaa juu ya mkono wa chasisi, na uchokonoe kwa bisibisi. Anza na sehemu ya miguu ya dereva na abiria, kisha sehemu ya chini ya nguzo, kisha mkono wenyewe kwa chini. Sehemu ya miguu ikiwa imetoboka lakini nguzo ni nzima, bati jipya la sakafu litatosha. Mguu wa nguzo au mkono wa chasisi ukiwa umeoza, acha kuliendesha gari. Pedali za breki zimefungwa kwenye ukuta huo huo, na sanduku la usukani linategemea sehemu hiyo hiyo. Mlango ni kero ndogo hapo.

Kuna hali nyingine ambayo hakuna kinachocheza na mlango bado haukai. Tazama pengo la nyuma ya mlango, kati yake na nguzo ya bodi ya nyuma. Likiwa pana juu na jembamba chini, ukuta wa dashibodi umelala mbele. Likiwa jembamba juu na mlango umeshuka kwa nyuma, ukuta umelala nyuma. Hii hutokea karibu kila mara gari lilipofunguliwa na kufungwa upya na mtu aliyeanza na madgadi za mbele, akakaza kila kitu, halafu ndipo akakumbuka milango. Legeza bolti zinazoshika madgadi kwenye ukuta, legeza vishikio vya ukuta kwenye chasisi, legeza zile bolti mbili kubwa za miguu ya ukuta bila kuzitoa. Ukuta sasa utazunguka kidogo juu ya bolti hizo. Usukume au uuvute kwa mkanda wa kufungia mizigo, taratibu, mlango ukiwa umefungwa mahali pake, mpaka pengo lilingane juu na chini. Ndipo ukaze, ukianzia chini. Usitafute pengo la gari la kisasa. Haya hayakutoka kiwandani hivyo. Mimi nikipata milimita 5 au 6 zinazolingana kuanzia juu mpaka chini, naridhika.

Dalili: gari linatembea kiupande

Hapa kile kipimo cha magurudumu kinakulipa. Upande mmoja ukiwa mfupi, ekseli imesogea, na mara nyingi sababu ni bolti ndogo ya katikati ya kamani. Hiyo ndiyo inayobana majani ya kamani pamoja, na kichwa chake kinaingia kwenye tundu la kitako cha ekseli ili ekseli isihame. Bolti za U zikilegea, bolti ya katikati inabeba kazi isiyo yake, inakatika, na ekseli inateleza mbele au nyuma. Angalia kwa tochi: alama ya chuma kinachong'aa kando ya kitako cha kamani inaonyesha ekseli ilikuwa wapi jana.

Nyanyua chasisi, iweke juu ya stendi imara, kisha badilisha bolti ya katikati na bolti za U zote za upande huo. Za U zilizokwishavutika usizirudishe. Kaza kwa zamu, kona kwa kona, na urudie baada ya siku chache za kutembea.

Bolti ikiwa nzima, kagua bushi za macho ya kamani. Tia chuma cha kuchokolea kati ya kamani na kishikio chake, usukume. Jicho likihama kwa kuonekana, bushi imekwisha. Halafu kagua kishikio chenyewe. Ufa mdogo unaoanzia kwenye mshono wa kuchomelea huonekana kwanza kama mstari wa kutu ya rangi ya chungwa kwenye rangi nyeusi. Safisha kwa brashi ya waya, paka mafuta ya taa, futa, subiri; mafuta yatachuruzika kutoka kwenye ufa. Kishikio cha kamani chenye ufa si kazi ya kujifunzia. Kikiachia ukiwa kwenye mteremko, ekseli inageuka na usukani hauna la kufanya. Mpelekee mtu anayechomelea vyuma vya kubeba mzigo kila siku.

Pande mbili zikilingana lakini mishazari ikatofautiana, gari liligongwa kwenye kona yake siku moja, pengine kabla hujazaliwa. Hilo nimeshalisema: meza ya kunyooshea.

Dalili: upande mmoja umelala

Wengi hukimbilia kununua kamani mpya. Kwanza uliza kama ziliwahi kubadilishwa. Kiwandani, kamani za upande wa dereva na za upande wa abiria hazikuwa sawa kwenye magari mengi: ya dereva ilipinda zaidi, kwa kuwa upande huo ulitarajiwa kubeba mzigo zaidi. Zikifungwa kinyume, gari linalala, na utatafuta chasisi iliyopinda ambayo haipo. Magari yaliyoletwa kutoka nchi ambako usukani uko kushoto na kubadilishwa huku yana tatizo hili mara kwa mara.

Sababu ya pili ni namna bushi zilivyokazwa, na hapa hata mafundi wazuri huteleza. Ukikaza bolti za kamani gari likiwa limening'inia kwenye jeki, mpira wa bushi unashikwa ukiwa kwenye mkao usio wake. Gari likishuka, mpira unajisokota, unashikilia upande mmoja juu, na baada ya muda unapasuka. Zilegeze zote, shusha gari kwenye magurudumu yake, liruke-ruke kwa kupanda na kushuka kwenye bampa, kisha lala chini ukaze. Nimeona gari likinyooka sentimita mbili kwa kazi hiyo tu, bila kununua hata washa.

Zinazofuata ni kamani zilizochoka au jani lililovunjika, ambalo huonekana ukisafisha tope. Mwisho kabisa ni chasisi iliyojisokota au iliyobonyea juu ya ekseli ya nyuma, na hapo bomba zako mbili zilishakwambia.

Dalili: boneti haikai

Hii nitaipita haraka. Boneti ndiyo ya mwisho kwenye mnyororo, kwa hiyo inakusanya makosa ya wote waliotangulia. Milango ikiwa imekaa sawa na boneti bado iko mshazari, legeza bolti za bati la mbele linaloshika rejeta, lisogeze, kaza. Ikigoma kufunga au ikigonga barabarani, rekebisha urefu wa pini ya kufungia kwa nati yake. Ukijikuta unapinda bawaba za boneti kwa nguvu ili ifike, simama urudi kupima milango.

Dalili: bisibisi imezama kwenye chasisi

Vuta pumzi. Tundu moja halimaanishi chasisi imekufa, na chasisi iliyopakwa rangi nyeusi inayong'aa haimaanishi ni nzima. Chasisi hizi ni masanduku ya bati la chuma la karibu milimita 2 yaliyounganishwa kwa kuchomelewa. Zilipakwa rangi, hazikuzamishwa kwenye zinki, na ndani ya sanduku tope na maji hukaa pale ambapo vitundu vya kutolea maji vimeziba. Kutu huanzia ndani kuja nje. Unapoiona, imeshakaa miaka.

Chukua nyundo ndogo na upite urefu wote. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya gunia lenye mahindi. Zungushia chaki kila mahali penye sauti hiyo. Kwa mpangilio wa yanayooza mara nyingi, kwa magari niliyoyapitisha mkononi: boriti ya nyuma kabisa, ile inayobeba ndoano ya kuvutia, mikono inayobeba ukuta wa dashibodi, pembe za mbele zinazoshika kamani, mihimili mikuu juu ya ekseli ya nyuma. Magari ya pwani na yale yaliyobeba samaki huanza na boriti ya nyuma bila kukosa, kwa sababu maji ya chumvi hushuka hapo kila safari.

Boriti ya nyuma na mikono ya ukuta huuzwa zikiwa tayari, au fundi mwenye mkono anaweza kuzikunja. Hizo zinabadilishwa. Tundu dogo ubavuni mwa mhimili linazibwa. Mhimili ulioliwa juu na chini mahali pamoja, au ulioliwa pale kamani inaposhika, ni kazi ya mtaalamu, na mara nyingine jibu la kweli ni chasisi nyingine. Uingereza bado wanatengeneza chasisi mpya za magari haya zilizozamishwa kwenye zinki. Ni gharama, ila viraka kumi vilivyopandana navyo ni gharama, na mwisho wake havibebi.

Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea:

- Toa tangi la petroli litoke nje ya gereji. Kwenye magari mengi liko chini ya kiti, sentimita chache tu kutoka kwenye mhimili. Kulifunika kwa gunia bichi si ulinzi, na tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa.
- Fungua waya za betri na za altaneta.
- Tafuta waya za taa za nyuma. Kwenye Land Rover za Series zinapita *ndani* ya mhimili wa chasisi. Ukichomelea nje, ndani zinayeyuka, na unaweza usijue mpaka taa zikose kuwaka usiku. Zivute zitoke, ukiziachia kamba nyuma yake ya kuzirudishia.
- Sogeza mabomba ya breki. Weka ndoo ya mchanga na kizima moto karibu, na ukimaliza kaa saa moja ukinusa kabla ya kufunga mlango wa gereji.

Weka stendi chini ya mihimili yenyewe pande zote mbili za unapokata, ili chasisi isilale ikikosa nguvu. Kama unakata mkono unaobeba ukuta, chomelea kwanza kipande cha chuma cha pembe kati ya ukuta na nguzo ya nyuma ya mlango, sehemu ya chuma kwa chuma, au ukifunge kwa bolti. Pima uwazi wa mlango juu, katikati na chini, uandike. Bila hivyo ukuta utajitafutia mahali pake, na hakuna bawaba itakayokurudishia.

Kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, hata kama kiraka kinakuwa kikubwa kuliko ulivyotaka. Kuchomelea juu ya kutu ni kushona kitambaa kilichooza: uzi utashika, kitambaa kitachanika pembeni yake. Tumia bati la unene ule ule au zaidi kidogo, milimita 2 hadi 3. Bati nene la milimita 6 halikuongezei nguvu. Linahamisha mpindo, na ufa unaanza pale kiraka kinapokomea. Kwa sababu hiyo hiyo, mshono usikate mhimili wima kama kisu. Chonga ncha za kiraka ziwe na umbo la almasi, mzigo ugawanyike. Chomelea vipande vifupi vya sentimita mbili au tatu, ukiruka upande mmoja kwenda mwingine, uache chuma kipoe. Ukivuta mshono mrefu kwa mara moja, joto litavuta mhimili, na mishazari yako ya asubuhi haitakuwa ya jioni. Pima tena kabla ya kumalizia.

Kama chuma kina zinki, saga zinki yote pembezoni mwa mshono kwanza na ufanyie kazi nje penye upepo. Moshi mweupe wa zinki unaleta homa na kutetemeka usiku ule ule. Kunywa maziwa hakuondoi moshi kwenye mapafu, ingawa sote tulifundishwa hivyo.

Baada ya hapo, fungua vitundu vya kutolea maji na upulize nta ya kuzuia kutu ndani ya masanduku. Oili chafu ya injini tunayoizoea huzuia kutu kwa kiasi, lakini inachuruzika kwenye bushi na mipira ya breki na kuiozesha. Siipendi.

Na jambo la sheria. Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma upande wa mbele. Kabla ya kukata sehemu yenye namba au kubadilisha chasisi nzima, nenda kwanza kwa wanaosajili magari, TRA kwa Tanzania, NTSA kwa Kenya, wakuelekeze utaratibu. Gari zuri lisilo na namba inayosomeka ni kesi inayokusubiri.

Dalili: malengelenge na unga mweupe kwenye bodi

Unga mweupe unaotokea pale bati la alumini linapogusana na chuma ni metali mbili zikilana kwa msaada wa maji, na maji ya chumvi yanaharakisha. Anayeliwa ni alumini. Ukipaka puti juu yake, lengelenge litarudi na puti yako mkononi. Tenganisha bati na chuma, kwangua mpaka metali safi, paka praima inayoshika alumini pande zote mbili, na uweke ukanda wa mpira au washa za plastiki kati yake unaporudisha bolti. Brashi ya waya na msasa uliokwishatumika kwenye chuma usivipeleke kwenye alumini. Chembe zinazobaki zitaanza ugonjwa upya.

Bati lililobonyea linanyooka, ila si kwa mkono wa kunyooshea chuma. Alumini ikigongwa sana inakuwa ngumu, kisha inapasuka. Inabidi ilainishwe kwa moto, na hapa ndipo madgadi nyingi zimefia: alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na aloi ya bodi hii chini kidogo ya hapo, na haibadiliki rangi kukuonya. Wazee wa nyundo wana njia ya sabuni. Paka sabuni ya mche iliyokauka juu ya bonyeo kama unavyochora kwa chaki. Pitisha moto laini kwa chini, huku na huku, bila kutua. Mistari ya sabuni itageuka kahawia, kisha nyeusi. Ikishakuwa nyeusi, toa moto palepale. Iache ipoe, kisha gonga kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga, kutoka pembezoni kwenda katikati. Ikianza kukataa, rudia sabuni.

Ufa kwenye alumini unahitaji mashine ya gesi ya agoni na mtu anayeijua. Kama hayupo karibu, toboa kitundu kidogo mwisho wa ufa usiendelee, na ushike bati la ndani kwa ribiti. Ni afadhali kuliko fundi wa mageti akijaribu.

Kurudisha bodi

Mpangilio ni mmoja, na nimeuvunja mara moja tu. Bodi ya nyuma kwanza, bolti zake zikiwa zimekazwa kwa mkono. Kisha ukuta wa dashibodi. Kisha milango ya mbele, ifungwe kabisa na kuachwa imefungwa. Rekebisha ukuta na bodi ya nyuma mpaka mapengo yakubali. Sasa kaza ukuta na bodi ya nyuma. Ndipo madgadi, bati la rejeta, na boneti. Weka washa za kujazia panapohitaji. Magari haya yalitoka kiwandani yakiwa nazo, si aibu.

Endesha kilomita 200 za barabara ya kawaida, yenye mashimo yake. Rudi, shika spana, pitia bolti za U, za miguu ya ukuta na za bodi ya nyuma. Halafu fungua mlango nusu, ushike ukingo wake kwa mikono miwili, unyanyue tena.